Mwongozo Kamili wa Kusoma Majibu ya Picha Kamili ya Damu na Kuelewa Jinsi Seli Zinavyoulinda Mwili

Kipimo cha picha kamili ya damu ni miongoni mwa vipimo vinavyoagizwa mara nyingi zaidi hospitalini, na pengine ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi na wagonjwa. Karatasi hutoka ikiwa na safu ya herufi na tarakimu, nyingine zikiwa na alama ya H (juu ya kawaida) au L (chini ya kawaida) pembeni. Mgonjwa anayeona L mbele ya seli nyeupe huondoka akiamini kwamba kinga yake imekwisha, huku mwenye H akiambiwa na jirani kwamba ana "wadudu kwenye damu". Mwongozo huu unaifuata karatasi hiyo mstari kwa mstari, na katika kila mstari unaeleza seli husika hufanya kazi gani mwilini, kwa kuwa tarakimu haina maana kwa mtu asiyejua kazi ya kile kinachohesabiwa. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakuwezesha kumuuliza maswali yenye mashiko.

Hatua ya 1: Kagua sampuli kabla ya kukagua majibu

Soma kwanza jina, umri, jinsia, tarehe na saa ya kutolewa damu. Mtoto mchanga mwenye seli nyeupe 18,000 katika kila mikrolita ya damu anaweza kuwa na afya njema kabisa, ilhali mtu mzima mwenye idadi hiyohiyo anahitaji kutafutiwa sababu. Kwa mtoto wa miaka 2 ni kawaida limfosaiti kuwa nyingi kuliko nyutrofili, zote zikiwa aina za seli nyeupe, na uwiano huo hugeuka anapokaribia miaka 4 au 5; karatasi inayomlinganisha na viwango vya watu wazima itamwekea alama za H na L ambazo hazina maana yoyote. Mjamzito naye huongezeka plazma, yaani sehemu ya maji ya damu, kwa takriban asilimia 40 hadi 50, huku seli nyekundu zikiongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hicho, hivyo hemoglobini yake hushuka hata kama anakula vizuri, na seli zake nyeupe hupanda bila maambukizi yoyote.

Jiulize pia damu ilitolewaje. Kwa kipimo hiki hutumika tyubu yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake imo dawa iitwayo EDTA inayozuia damu isigande. Mara damu inapoingia, tyubu hupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10. Isipochanganywa hivyo, mabonge madogo hufanyika, chembe sahani, yaani zile zinazoziba mshipa uliochanika, hunaswa humo, na mashine huripoti kwamba chembe hizo zimepungua. Damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu inayotiririka, juu ya mahali ilipochomwa, hutoka ikiwa imezimuliwa, na ishara yake ni hemoglobini, seli nyeupe na chembe sahani kushuka zote kwa pamoja ikilinganishwa na majibu ya siku iliyotangulia. Ukiona mporomoko wa namna hiyo kwa mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika, jambo la kwanza kuomba ni sampuli mpya kutoka mkono wa pili.

Vizio vya kipimo huwachanganya wengi bila sababu. Kwa seli nyeupe, maabara moja huandika WBC 6.5 ×10⁹/L, nyingine 6.5 K/µL, na nyingine 6,500/mm³. Zote zinasema jambo moja. Hemoglobini ya 125 g/L ni sawa na 12.5 g/dL.

Kuhusu alama za H na L, kumbuka kwamba viwango vya kawaida kwa desturi huwekwa ili asilimia 95 ya watu wenye afya waingie ndani ya mipaka. Maana yake ni kwamba, kwa kila kipengele kimoja, mtu 1 kati ya 20 wasio na ugonjwa wowote ataangukia nje, na karatasi moja hubeba vipengele zaidi ya kumi. Alama moja iliyovuka mpaka kidogo tu, kwa mtu asiye na dalili, mara nyingi haina uzito.

Hatua ya 2: Soma seli nyekundu kupitia hemoglobini

Mstari wa RBC unahesabu seli nyekundu, lakini mstari wenye manufaa zaidi ni Hb au HGB, yaani hemoglobini, protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni. Seli nyekundu ina umbo la sahani iliyobonyea katikati, upana wake ni mikromita 7 hadi 8, na imetupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba hemoglobini. Huishi kwa takriban siku 120. Ili kufidia zinazokufa, uboho wa mifupa hutengeneza seli mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde, kwa amri ya homoni iitwayo erithropoietini ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye figo; ndiyo maana mgonjwa wa figo sugu hupungukiwa damu hata kama chuma kipo cha kutosha. Seli zilizochakaa humezwa na makrofeji, yaani seli kubwa zinazomeza, za bandama na ini, na chuma chake hurejeshwa kwenye uboho kutumika tena.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, upungufu wa damu ni hemoglobini iliyo chini ya 13 g/dL kwa mwanamume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Kwa mjamzito mpaka ni 11, isipokuwa katika miezi mitatu ya kati ya mimba ambapo mwongozo wa mwaka 2024 umeushusha hadi 10.5.

Fanya uhakiki mdogo wa hesabu: tarakimu ya HCT, ambayo ni asilimia ya damu inayochukuliwa na seli nyekundu, kwa kawaida hukaribia hemoglobini mara tatu. Zikiachana sana, huenda sampuli ina kasoro au seli nyekundu zenyewe si za kawaida. Kisha nenda kwenye MCV, ambayo ni wastani wa ukubwa wa seli. Kwa mtu mzima MCV ya kawaida ni kati ya 80 na 100. Ikiwa chini ya 80, seli ni ndogo, na sababu inayoongoza ni upungufu wa chuma, ikifuatiwa na thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini. Ikizidi 100, fikiria upungufu wa vitamini B12 au foleti, pombe, ugonjwa wa ini, au baadhi ya dawa, ikiwemo zidovudini ya kutibu VVU.

Tuchukue karatasi moja: Hb 10.4, HCT 31.2, RBC 4.4, MCV 71, PLT (chembe sahani) 460, yaani 460,000 katika mikrolita. Hemoglobini mara tatu ni 31.2, hivyo hesabu imekubali. Seli ni ndogo. Gawanya MCV kwa RBC, yaani 71 kwa 4.4, upate takriban 16. Jibu linalozidi 13 huelekeza kwenye upungufu wa chuma, na lililo chini ya 13 huelekeza kwenye thalasemia. Hicho ni kielekezi tu, hakithibitishi ugonjwa. Chembe sahani nazo zimepanda kidogo, jambo linaloonekana mara nyingi chuma kinapopungua. Swali la kumuuliza daktari hapa halihusu dawa ya kuongeza damu peke yake. Uliza damu inapotea wapi: hedhi nzito, minyoo, kidonda cha tumbo, au uvimbe wa utumbo mpana kwa mwenye umri mkubwa.

Mstari huu unagusa pia suala la kinga, ingawa wengi hawautazami hivyo. Mwili unapopambana na maambukizi au uvimbe wa muda mrefu unaotokana na kazi ya kinga, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hukifungia chuma ndani ya ghala zake na kuzuia kisifyonzwe kutoka kwenye chakula. Bakteria wengi wanahitaji chuma ili kuzaliana, hivyo kukificha ni mbinu ya ulinzi; uboho nao hukosa malighafi, na hemoglobini hushuka. Mgonjwa wa kifua kikuu mwenye hemoglobini ya 10 huenda akawa na chuma tele kilichofungiwa. Kwa sababu hiyohiyo, feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda wakati wa uvimbe huo na inaweza kuonekana ya kawaida kwa mtu ambaye kwa hakika akiba yake imekwisha.

Hatua ya 3: Pitia chembe sahani

PLT ya kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita. Chembe hizi ni vipande vinavyokatika kutoka kwenye seli kubwa za uboho, huishi siku 7 hadi 10, na kazi yake ya kwanza ni kuziba mshipa uliochanika. Malaria na homa ya dengi huzishusha mara kwa mara. Kwa ujumla, hatari ya mtu kuvuja damu bila hata kuumia huongezeka sana zinapofikia chini ya 20,000. Mtu mwenye 110,000 ana haki ya kutafutiwa sababu lakini hana haja ya kuingiwa na hofu.

Kabla ya kuamini tarakimu ndogo sana kwa mtu asiye na michubuko wala kutokwa damu, omba damu itazamwe kwa hadubini. Kwa baadhi ya watu dawa ya EDTA yenyewe husababisha chembe sahani zishikamane, na mashine hushindwa kuzihesabu. Sampuli nyingine iliyowekwa kwenye tyubu ya sitrati huonyesha idadi ya kweli.

Hatua ya 4: Soma jumla ya seli nyeupe bila kuipa maana isiyo nayo

WBC kwa mtu mzima kwa kawaida ni 4,000 hadi 11,000 katika mikrolita. Hapa ndipo upotoshaji ulipo mkubwa, kwa kuwa watu huichukua tarakimu hii kuwa kipimo cha nguvu ya kinga. Sivyo. Damu kwa seli nyeupe ni barabara tu, na anayehesabu magari barabarani hajui ni mangapi yameegeshwa majumbani. Limfosaiti zilizomo katika damu ni takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili. Zilizobaki zimo katika tezi za limfu, bandama, utumbo na uboho. Nyutrofili nazo, karibu nusu ya zilizoko ndani ya mishipa zimejishikiza kwenye kuta na hazichotwi na sindano, achilia mbali akiba kubwa iliyosubiri kwenye uboho.

Ndiyo maana tarakimu hii hupanda upesi kwa sababu zisizohusiana na vimelea. Mazoezi makali, hofu, maumivu, kutapika sana au upasuaji huzibandua nyutrofili kutoka ukutani kwa dakika chache tu. Dawa za jamii ya steroidi kama prednisoloni huzipandisha kwa siku nyingi, na wavutaji sigara huwa na wastani ulio juu kuliko wasiovuta. Kumpa mtu antibiotiki kwa sababu tu WBC yake ni 12,500, bila homa wala dalili ya mahali palipoambukizwa, ni kutibu karatasi.

Hatua ya 5: Geuza asilimia kuwa idadi halisi

Chini ya WBC kuna mgawanyo wa aina tano. Kwa mtu mzima nyutrofili huwa takriban asilimia 40 hadi 70, limfosaiti 20 hadi 40, monosaiti 2 hadi 10, esinofili 1 hadi 6, na basofili chini ya 2. Kosa linalojirudia ni kusoma asilimia peke yake. Asilimia zote lazima zifike 100, hivyo aina moja ikipungua nyingine zitaonekana zimepanda hata kama hazijaongezeka hata moja.

Mfano: WBC ni 3.2, nyutrofili 35%, limfosaiti 54%, monosaiti 8%, esinofili 3%. Mashine inaweka H kwenye limfosaiti. Zidisha: 3.2 mara 0.54 ni 1.73, yaani limfosaiti 1,730, na kiwango cha kawaida ni takriban 1,000 hadi 4,000. Limfosaiti hazikupanda. Sasa nyutrofili: 3.2 mara 0.35 ni 1.12, yaani 1,120, ilhali vitabu vingi huweka mpaka wa chini karibu na 1,500. Tatizo, kama lipo, liko kwa nyutrofili.

Nimeandika "kama lipo" kwa makusudi. Watu wengi wenye asili ya Afrika, na baadhi ya watu wa Mashariki ya Kati, hawana katika seli zao nyekundu protini iitwayo Duffy, hali iliyoenea kwa sababu humnyima kimelea wa malaria aina ya Plasmodium vivax mlango wa kuingilia ndani ya seli. Wenye hali hiyo huwa na nyutrofili chache katika damu inayozunguka, mara nyingi kati ya 1,000 na 1,500 na wakati mwingine chini kidogo ya hapo, bila kuugua zaidi ya wengine. Viwango vingi vinavyochapishwa kwenye karatasi vilitokana na watu wa asili ya Ulaya, na matokeo yake ni kwamba watu wenye afya njema wamekuwa wakirudishwa kupimwa mara kwa mara, au kupunguziwa dozi za dawa walizozihitaji, kwa ajili ya tarakimu ambayo kwao ni ya kawaida. Ikiwa umepimwa kwa miaka kadhaa na nyutrofili zako hukaa hapohapo, hupati maambukizi ya ajabu, na hemoglobini na chembe sahani ziko sawa, mtajie daktari uwezekano huu.

Hatua ya 6: Weka majibu yako katika muda wa mapambano

Karatasi ni picha ya dakika moja. Ili ujue imepigwa wakati gani wa mapambano, fuata kinachotokea mwiba mchafu unapochoma mguu. Mfano huu una historia: mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, Élie Metchnikoff alichoma viluwiluwi wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapenyeza mwanga, kwa miiba midogo, akaona seli zimeukusanyikia mwiba na kuuzingira. Uchunguzi huo uliozaa elimu ya seli zinazomeza vimelea ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Saa za mwanzo. Ngozi imetobolewa, na bakteria wako ndani. Chembe sahani zinaziba mshipa. Makrofeji zinazoishi katika tishu zina vipokezi vinavyotambua maumbile ya jumla ya bakteria, kama vile sehemu za ukuta wao, na zinapowagundua hutoa kemikali za kuitana ziitwazo sitokini. Seli nyingine ziitwazo masti hutoa histamini. Mishipa midogo hutanuka, maji huvuja kwenda kwenye tishu, na mguu unakuwa mwekundu, wa moto, umevimba na unauma. Ni dalili zile nne ambazo Mrumi Celsus aliziandika katika karne ya kwanza. Damu ikitolewa wakati huu, karatasi inaweza kuwa safi kabisa.

Kati ya saa 6 na saa 24. Kuta za mishipa ya eneo lile zimetoa molekuli zenye kunata, nyutrofili zinazopita zinapunguza mwendo, zinabingirika ukutani, zinasimama, kisha zinajipenyeza katikati ya seli za ukuta hadi kwenye tishu. Huko humeza bakteria na kuwaua kwa kemikali kali, au hutema nyuzi za DNA yake yenyewe zilizopakwa sumu na kuwanasa humo, mbinu ambayo wanasayansi waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Kisha zenyewe hufa. Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga yake. Uboho, ambao hata siku za kawaida hutengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100, unafungua akiba. Sitokini zinafika kwenye ubongo, na homa inapanda. Karatasi ya wakati huu ndiyo ile ya kitabuni: WBC 14,000, nyutrofili 85%, na ukitazama kwa hadubini utakuta nyutrofili changa ambazo viini vyake bado havijagawanyika, ishara kwamba uboho unatuma hata zisizokomaa. Hapa kuna jambo linalofaa kukumbukwa: katika maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, hasa kwa mtoto mchanga na mzee, nyutrofili huweza kuisha kwa kasi kuliko zinavyotengenezwa, na WBC ikashuka chini ya 4,000. Mgonjwa anayetetemeka, anayepumua haraka na aliyechanganyikiwa, mwenye WBC ya 2,800, ana hali mbaya kuliko mwenye 14,000.

Siku ya 2 hadi ya 7. Seli za dendriti zimebeba vipande vya bakteria na kusafiri navyo kupitia mirija ya limfu hadi kwenye tezi za kinena. Ndani ya tezi hizo hupita limfosaiti nyingi mno, kila moja ikiwa na kipokezi chake kinachotambua umbo moja, na ni chache sana ambazo kipokezi chake kinaoana na vipande vilivyoletwa. Hizo chache zikipatikana, huanza kugawanyika tena na tena. Mtoki unaoushika kwenye kinena ni ukumbi wa kazi hiyo, na maumivu yake ni ishara kwamba ulinzi unaendelea. Seli T saidizi, zenye alama ya CD4, huongoza wengine. Seli T uuaji, zenye alama ya CD8, huziua seli za mwili zilizokwisha kuingiwa na virusi. Seli B hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili, kila kiwanda kikitoa maelfu ya molekuli kwa sekunde. Kingamwili za kwanza ni za aina ya IgM, na baadaye hufuata IgG zenye mshiko imara zaidi. Kwa kuwa haya yote huchukua siku kadhaa, kipimo cha kingamwili kinachofanywa siku ya pili ya ugonjwa mpya huweza kutoka hasi kwa mtu aliyeambukizwa kweli.

Ikiwa adui ni virusi, sura ya karatasi huwa tofauti: nyutrofili huweza kushuka kwa muda na limfosaiti kupanda, na baadhi yake huonekana kubwa zenye umbo lisilo la kawaida kwa hadubini. Huo nao ni mwenendo wa jumla tu, maana yapo maambukizi ya virusi yanayoshusha limfosaiti.

Baada ya wiki mbili na kuendelea. Seli nyingi zilizozaliwa kwa ajili ya pambano hili hufa, na zinabaki seli za kumbukumbu zinazoweza kudumu kwa miaka mingi. Chanjo huujenga mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha kwenye ugonjwa. Ndiyo kazi iliyoanzishwa na Edward Jenner mwaka 1796 na ambayo mwaka 1980 iliwezesha kutangazwa kwamba ndui imetokomezwa duniani. Wapo pia walinzi wa kuwazuia walinzi, seli T dhibiti, ambazo uchunguzi wake uliwapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Zisipofanya kazi, mwili huanza kushambulia viungo vyake wenyewe. Kwa hiyo biashara ya kuuza vidonge vya "kupandisha kinga" imejengwa juu ya dhana potofu: pumu ya mzio, baridi yabisi na lupasi ni magonjwa ya kinga inayofanya kazi kupita kiasi au mahali pasipostahili. Picha ya damu haina mstari wa kumbukumbu, na mtu aliyechanjwa kikamilifu na asiyechanjwa kabisa huweza kuwa na karatasi zinazofanana.

Hatua ya 7: Tenganisha kinachosemwa na karatasi na kisichosemwa

Esinofili zinazozidi 500 katika mikrolita hufanya tabibu afikirie mzio, pumu, dawa mpya iliyoanzwa, au minyoo inayopita ndani ya tishu, ikiwemo ya kichocho. Minyoo iliyotulia ndani ya utumbo huweza isizipandishe, hivyo esinofili za kawaida hazimaanishi choo hakina haja ya kupimwa. Monosaiti hupanda katika maambukizi ya muda mrefu na wakati mwili unapopona. Basofili ni nadra kuwa na la kusema, isipokuwa zikipanda pamoja na WBC iliyo juu sana, ambapo saratani ya damu lazima itafutwe.

Kipimo hiki hakionyeshi virusi vya Ukimwi. Idadi ya CD4, inayotumika kujua kinga ya mwenye VVU imefikia wapi, ni kipimo tofauti, na ikiwa chini ya 200 ugonjwa huhesabiwa kuwa umekomaa. Hakionyeshi malaria pia. Malaria huthibitishwa kwa kuwaona vimelea kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, na mara nyingi WBC ya mgonjwa wa malaria huwa ya kawaida au ya chini. Hakithibitishi homa ya matumbo, ambayo hutafutwa kwa kuotesha damu maabara. Selimundu nayo huhitaji kipimo cha aina ya hemoglobini. Anayekuambia kwamba ameona "bakteria kwenye damu" kwa kusoma WBC peke yake amesema zaidi ya kile alichokiona.

Hatua ya 8: Jua lipi ni la haraka, na urudie kipimo kwa wakati wake

Baadhi ya majibu hayangoji miadi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu ambaye nyutrofili zake ziko chini ya 500, hasa anayetibiwa saratani kwa dawa zinazopitishwa mshipani, ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa kuwa bila nyutrofili hakutakuwa na usaha, uwekundu wala uvimbe wa kuonyesha maambukizi yalipo. Kwa dawa nyingi za saratani, nyutrofili hufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Nenda hospitalini bila kuchelewa pia ikiwa hemoglobini iko chini ya 7 na unahema au kuishiwa nguvu, ikiwa chembe sahani ziko chini ya 20,000 au una madoa mekundu ya damu chini ya ngozi, na ikiwa maabara imeandika kwamba imeona seli changa ziitwazo blasti. Mtu aliyeondolewa bandama, au ambaye bandama yake imeharibiwa na selimundu, asisubiri picha ya damu anapopata homa, kwa sababu bakteria wa aina ya nyumokokasi humwenea kwa saa chache.

Mengine yote yanasomwa vizuri zaidi yakiwa mawili au matatu kwa mfuatano, hivyo tunza karatasi za zamani na uzibebe kila unapokwenda kliniki. Nyutrofili zilizoshuka kidogo baada ya mafua hupimwa tena baada ya wiki chache ukiwa umepona, tena ikiwezekana kwenye maabara ileile. Kwa aliyeanza dawa ya chuma, hemoglobini hutarajiwa kupanda kwa 1 hadi 2 g/dL katika wiki 3 au 4. Isipopanda, daktari atataka kujua kama dawa inamezwa, kama inafyonzwa, na kama damu bado inapotea. Ikishafika kiwango cha kawaida, dawa huendelezwa kwa takriban miezi 3 zaidi, kwa kuwa akiba ya chuma hujazwa mwisho.